Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Kadi ya mwaliko ilikuwa na maandishi ya dhahabu, na hapo tu ningepaswa kujua kwamba nitarudi nyumbani nimechukia. Ilisema kwamba ile nyumba ya watu wasio na makao pale Noonkopir, Kitengela, inatuzwa kwa utumishi wake wa miaka mingi, na kwamba mimi Ndinda, nikiwa mmoja wa wafanyakazi wake wa zamani, nitakaa meza ya mbele. Mama Mutua, aliyeianzisha nyumba ile na kuiendesha kwa mikono yake hadi mgongo ukakataa, tulikuwa tumemzika miezi mitatu tu iliyopita. Alipokuwa hai hakuna aliyemwandikia kadi, ya dhahabu wala ya kawaida. Hata hivyo nilivaa kitenge changu kizuri, nikapaka miguu mafuta, nikaenda. Nilipofika mlangoni mwa ukumbi wa hoteli nikasimama. Ukuta wote wa mbele ulikuwa umefunikwa na picha moja, urefu wake mlango na nusu, na aliyekuwa ndani ya picha ni mimi. Mimi wa miaka ishirini na mitatu, kitambaa kichwani, meno yote nje, mikono imejaa povu hadi viwikoni, na katikati ya hilo povu kibuyu cha maziwa cha Kimaasai. Chini wameandika kwa herufi kubwa: UPENDO UNAOOSHA.

"Anti, huyu si ni wewe?" msichana wa mapokezi akaniuliza, akinibandika ua la kitambaa kifuani. "Waah! Ulikuwa mrembo!" Nikamwambia nilikuwa mjinga. Akacheka, akidhani natania, akanipeleka hadi kiti changu, ambacho kilikuwa kimevalishwa nguo nyeupe kama bibi harusi. Sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba kiti kikivalishwa nguo basi shughuli imekuwa ya heshima. Kulikuwa na zulia jekundu, kulikuwa na keki yenye umbo la nyumba, kulikuwa na watu wa suti ambao sijawahi kuwaona Noonkopir hata wakipita. Na kule nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni ambako wahudumu walikuwa wakipita na masinia, walikaa watu watatu wa ile nyumba yenyewe, wazee wawili na mama mmoja, wamevalishwa fulana mpya zenye ile picha yangu. Walikuwa wameambiwa wasianze kula hadi wapigwe picha. Nilimwona yule mama akiangalia kipande cha kuku kwenye sahani yake, mikono mapajani, huku mshereheshaji akipiga kelele kwenye kipaza sauti, "Makofi kwa mashujaa wetu! Makofi tena!" Mashujaa wenyewe walikuwa meza yetu, wakitafuna.

Mhudumu mmoja, msichana wa Kimaasai mwenye shanga nyembamba mkononi, alikuja kunimiminia chai. Akaangalia ukuta, akaangalia tena, akainama sikioni mwangu. "Mama, huyo wa picha anafanya nini na hiyo kibuyu?"

"Anaosha."

"Na sabuni?"

"Na sabuni."

Akakunja pua. Akaweka birika chini. "Aa-aa. Na nani alimruhusu?" akauliza, kisha akaenda zake meza nyingine. Siku nzima ile, hotuba kumi na kitu, na hilo ndilo swali pekee la maana nililolisikia. Jibu lake ni refu kidogo, na linaanzia mwaka wa kiangazi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati ule ambapo mvua ilitupita msimu baada ya msimu, na nyanda zote kutoka Namanga hadi Kitengela zikawa rangi ya gunia. Mambo ya wazazi wangu na kwetu Ukambani nayaacha, hayahusiki hapa. Nilikuwa nimekuja kutafuta kazi ya kushona katika viwanda vya Athi River, nikasimama langoni na wasichana wengine wiki tatu, jua letu, vumbi letu, kisha nikachoka. Mwanamke mmoja tuliyekuwa tukisali naye akaniambia kuna mama wa kwetu huko Noonkopir anatafuta mtu wa kupika na kuogesha wanawake. Nikaenda. Nilimkuta Mama Mutua ameketi kwenye kigoda, mguu wa mzee fulani uko juu ya paja lake, na yeye anautoa funza kwa pini, taratibu, huku akiongea naye habari za bei ya mahindi. Hakuinua kichwa. "Uko na kinyaa?" akaniuliza. Nikasema sina. Ulikuwa uongo, na nafikiri alijua ni uongo, maana alicheka puani, akaniambia niingie jikoni nitafute sufuria kubwa.

Nilikuwa na kinyaa cha kutosha watu kumi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mabati, vyumba vitatu: cha wanaume, cha wanawake, na jikoni ambako pia ndiko stoo na ofisi. Mabati yakishika moto wa mchana, harufu zote zilikuwa zinaamka. Mkojo wa magodoro, vidonda vilivyofungwa matambara, nywele zisizojua maji, na juu ya yote harufu ya mizoga iliyokuwa ikitoka barabarani, maana ng'ombe walikuwa wakianguka wakipelekwa Nairobi kutafuta nyasi, na hakuna wa kuwazika. Nilijifunza kupumua kwa mdomo. Nilikuwa na sahani yangu na kikombe changu, nimevitundika kwenye msumari kando, na ole wake atakayevigusa. Wakati wa kula nilikuwa nawapa mgongo. Mama Mutua alikuwa anakula githeri, mahindi na maharagwe, kutoka sufuria ileile, ameketi katikati yao, na mtu asiye na vidole akimwomba amlishe, anamlisha kwa kijiko kilekile alichokuwa anakula nacho. Mimi nikimwona nilikuwa natoka nje. Leo nikimkumbuka yule msichana aliyesimama nje akitema mate, nasikia kinyaa zaidi ya kile alichokuwa anasikia yeye.

Kutoka jikoni nilikuwa nasikia kila kitu kinachosemwa chumba cha wanawake, maana kilichotutenganisha ni bati moja. Walikuwa wanasengenya uji wangu. "Huyu Ndinda anapika kama mtu anayelipa kisasi," mmoja alisema, na wengine wakacheka hadi wakakohoa. Walikuwa wanaambiana pia walikotoka, na hapo sauti zilikuwa zinashuka, nami nikaacha kukoroga ili nisikie. Huyu alifukuzwa na wakwe. Yule nyumba yake iliungua. Hawakulia walipokuwa wakisema, walizungumza kama mtu anayesimulia njia aliyopita kufika sokoni.

Koko aliletwa na Sankale. Sankale alikuwa mlinzi wa lango letu, mtu wa makamo, Mmaasai, mwenye masikio makubwa na maneno machache, na ndiye aliyekuwa akitutafsiria Kimaa. Alimkuta huyo nyanya kando ya barabara ya Namanga, ameketi wima kati ya mizoga miwili, kama mtu aliyengoja kukaribishwa. Jina lake hatukuwahi kulitumia, tulimwita Koko, yaani nyanya kwa lugha yake. Alikuwa mwembamba hadi nikaogopa kumwosha, amejifunga shuka lililopauka, na begani ana mkanda wa ngozi wenye shanga, na kwenye mkanda kibuyu kirefu, kimekolea weusi wa mikono na moshi. Hakuwa na kitu kingine duniani. "Takwenya," Mama Mutua akamwamkia, maana salamu za Kimaa alizijua. "Iko," Koko akaitikia, akaangalia nyumba yetu juu hadi chini, na kwa kweli sikuona kama ilimfurahisha.

Habari yake tuliipata kwa Sankale. Mifugo yao ilikufa huko ng'ambo ya Bisil hadi wakabaki ng'ombe wachache tu. Mwanawe pekee aliyebaki, Lemayian, akawachukua hao kwenda kuwatafutia nyasi upande wa Nairobi, akamwambia mama yake: ukishindwa kukaa, fuata barabara, ningoje Kitengela, nitakupitia. Basi Koko akawa anangoja. Lakini hakuwa anangoja bure, alikuwa na kazi. Kila asubuhi Mama Mutua alimtolea kikombe kimoja cha maziwa kutoka yale ya chai, naye anayamimina kibuyuni yagande. Yakiwa tayari na Lemayian hajaja, anawagawia wenzake wa chumbani, halafu anasafisha kibuyu na kuanza upya. Kukisafisha kwake kulikuwa kwa moto. Alikuwa na vijiti vya mti wa oloirien amevifunga kwenye kitambaa, anachoma kimoja, anakiingiza ndani kikiwa kaa jekundu, anatikisa, anasugua kwa ufito wenye singa za mkia wa ng'ombe, na moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu. Mtoto wake akifika, saa yoyote, atakuta maziwa ya mama yake. Kwangu mimi hayo yote yalikuwa uvundo mwingine tu. Moshi, maziwa machachu, mafuta ya zamani. Nilikuwa naingia chumba kile nimefunga leso puani.

Siku ya picha, Mama Mutua alikuwa amempeleka mgonjwa hospitali Kajiado. Aliniacha na maneno mafupi: wageni watafika saa sita, wanatoka mbali, wanataka kuona nyumba, uwape chai na uwe na adabu. Hakuniambia nisugue, lakini mimi nilitaka wageni hao wanione. Nilitaka mtu mmoja tu mwenye viatu safi aniangalie aseme, huyu msichana si wa hapa, huyu anafaa mahali pazuri zaidi. Nikamwaga maji vyumba vyote, nikatoa magodoro juani, nikawatoa wagonjwa nao juani. Koko alikuwa karibu na lango, anaangalia barabara kama kawaida yake, na kibuyu kimebaki kando ya kitanda. Nikakifungua. Harufu iliyonipiga, nikarudi nyuma. Nikafikiria pua za wageni. Nikamwaga maziwa nje kwenye mchanga, nikachota maji ya moto, nikatia sabuni ya unga, konzi nzima, nikachukua gunzi la mahindi nikaanza kusugua ndani. Weusi ukatoka. Nikamwaga, nikatia sabuni tena, weusi ukazidi kutoka, na mimi nikafurahi, nikajiambia tazama uchafu wa miaka yote hii. Nilikuwa bado nasugua wageni walipoingia na kamera. Mmoja akanionyesha kwa kidole nitabasamu. Nikatabasamu. Meno yale mnayoyaona ukutani ndiyo hayo.

Wageni walikunywa chai, wakaondoka. Kibuyu nilikianika juu ya bati, kinang'aa, kinanukia kama nguo ya Jumapili. Koko alipokikuta hakupiga kelele. Alikitoa kifuniko, akaingiza pua, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaja hadi mlango wa jikoni, akaniangalia, akaangalia karai lenye povu, akarudi langoni polepole na kuketi chini. Sankale ndiye aliyekuja kuniambia.

"Umeua kibuyu," akasema.

"Nimekiosha. Kilikuwa kinanuka."

"Hicho kilikuwa kinanuka ni chake. Mama yake alimpa siku ya kuolewa. Miaka yote hajaingiza maji ya sabuni, ni moshi tu. Sasa maziwa ikiingia hapo itaoza, haitaganda. Anasema anarudi kwake."

"Kwake wapi, na kumekauka kote?"

"Ndiyo, kumekauka. Anasema akifia njiani, afie njiani. Lakini mtoto wake hatamkuta hapa bila maziwa, amekaa kwa mlango ya watu kama mwombaji."

Kutoka pale hadi kwao ng'ambo ya Bisil, kwa mguu, katika jua lile, mtu mwenye nguvu angekufa. Na Koko alikuwa tayari ameanza kujifunga shuka.

Mama Mutua alirudi kabla jua halijazama, vumbi hadi kwenye kope. Alimkuta Koko amesimama langoni na Sankale amemzuia kwa maneno tu, maana hangethubutu kumshika. Alisikiliza. Akaomba kibuyu, akakinusa, na uso wake ukabadilika. "Ni nani?"

"Ni mimi."

"Ulimwuliza?"

"Mama, kilikuwa kinanuka, na wageni..."

"Sijakuuliza kama kilikuwa kinanuka. Nimekuuliza kama ulimwuliza."

Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi. Badala yake aliketi chini mchangani mbele ya Koko, na nguo yake ya kwenda hospitali, akamwambia Sankale, "Mwambie tumekosa. Si huyu msichana peke yake, ni nyumba. Mwambie anipe muda soko la Bisil lipite mara mbili. Kama kibuyu hakijapona, nitampeleka kwake mimi mwenyewe, nikae naye hapo." Koko alimtazama muda mrefu. Kisha akaketi. Lakini kuanzia siku hiyo alikunywa chai ya rangi tu, hakugusa maziwa, wala uji wangu, na mifupa ya mabega yake ikazidi kutokeza. Mimi nilikuwa nahesabu siku za soko kuliko yeye.

Siku ya soko Mama Mutua alinichukua hadi Bisil. Nilidhani yeye ndiye atakayesema. Tulipofika walipokaa wanawake wauza maziwa na tumbaku, akanisukuma mbele. "Sema mwenyewe." Nikasema, kwa Kiswahili changu cha kutetemeka, kwamba nimeosha kibuyu cha nyanya wa watu kwa sabuni ya unga. Mmoja akawatafsiria wengine. Aiya! Soko lilisimama. Mwanamke mmoja alitema mate kando. Mwingine akashika kifua chake, akaniuliza kama kwetu tunawaosha pia watoto wachanga kwa dawa ya kupe. Wakaitana, wakaja wengine kutoka upande wa mbuzi wamwone Mkamba aliyeosha kibuyu na sabuni, wakanizunguka, wakanikagua mikono. Mimi niliyekuwa nafunga leso puani kwa ajili ya mtu kama wao, nikasimama pale, mimi ndicho kitu kinachonuka. Mama Mutua alikuwa ameketi kando akinunua tumbaku ya kumpelekea Koko, na hakuniokoa hata kidogo. Walipochoka kucheka, mzee wao mmoja wa kike akatueleza: toeni sabuni yote kwa maji matupu hadi ulimi usiisikie, kisha majivu, kisha mkojo wa ng'ombe, ulale humo, kisha oloirien kila siku, kila siku, bila kuchoka. Akatupa mzigo wa vijiti bure. "Na mkojo achukue huyu," akasema, akinielekeza kwa kidevu.

Basi mimi, niliyekuwa na sahani yangu kwenye msumari, nilisimama kando ya barabara Kitengela na mkebe wa mafuta ya kupikia, nangoja ng'ombe wa wapita njia. Ng'ombe wenyewe walikuwa mbavu na pembe tu, hata mkojo walikuwa nao wa shida. Nilikuwa nawafuata nyuma, mkebe mbele, kila mkia ukiinuka nakimbia. Wachungaji walikufa kwa kicheko. "Dada, umerogwa?" mmoja akaniuliza. Ng'ombe mweupe mmoja aliniachilia ghafla, nikapata nusu mkebe, na nusu nyingine nikaipata usoni. Nilitapika palepale. Halafu nikajifuta kwa leso yangu ya puani, nikarudi na mkebe, sikumwaga hata tone.

Kila asubuhi baada ya hapo nilichoma oloirien. Nilijiunguza vidole, nikajifunza. Nikimaliza napeleka langoni, napiga magoti, namkabidhi Koko. Ananusa. "A-a." Ananirudishia. Kesho tena. "A-a." Hakuwa na hasira, ndilo lililonimaliza. Alikuwa kama fundi anayekataa kazi mbaya. Soko la pili la Bisil lilipofika, Mama Mutua alikuwa amefunga mzigo wake mdogo wa safari, maana alikuwa ametoa neno na neno lake halikuwa la kuchezea. Nikapeleka kibuyu. Koko akanusa. Akanusa tena, akaingiza kidole, akakiramba. Alikiweka tu kando yake, upande wa pili, mbali na mkono wangu, na akanyoosha kikombe apewe maziwa. Nilienda nyuma ya jikoni nikalia kwa sauti, na wale wanawake wa upande wa pili wa bati wakauliza ni nani amekufa.

Mchana huohuo, wakati wa chai, Mama Mutua alisimama na kutuambia sisi wote tuliofanya kazi pale, Sankale na mimi na watu wawili waliokuwa wakitufulia nguo, "Kuanzia leo, kitu cha mtu hakiguzwi kabla hajaulizwa. Hata kama kinanuka. Hata kama kiko na chawa. Unauliza, unangoja jibu, na akisema hapana ni hapana." Hakuniangalia. Hakusema sababu. Akakaa, akamalizia chai yake. Nimesikia mahubiri mengi tangu wakati huo, na hakuna yaliyonikaa kama hayo.

Mvua ilipokuja, Lemayian alikuja nayo. Kijana mrefu, amechoka hadi anayumba, na ng'ombe wawili nyuma yake. Koko hakumkimbilia. Alingoja ainamishe kichwa, akamwekea mkono juu kwanza, kwa heshima yao, kisha akafungua kibuyu, akamimina. Sisi wote tulikuwa tumesimama tunaangalia, hata wasioweza kusimama walikuwa wameketishwa mlangoni. Yule kijana akanywa. Akasita. Akanusa mdomo wa kibuyu, akamwambia mama yake kitu. Koko akacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia, cheko la msichana, na kidole chake kikanielekea mimi. "Anauliza mbona maziwa iko na harufu ya hospitali," Sankale akatafsiri, na yeye pia alikuwa anacheka. Kijana alimaliza kikombe chote, akaomba kingine. Walipokuwa wakiondoka niliinamisha kichwa mbele ya Koko, kama nilivyoona watoto wao wakifanya, sijui kama ilikuwa inaruhusiwa kwa mtu kama mimi. Aliweka mkono wake juu, mkavu, mwepesi. Kisha akashika njia na kibuyu chake begani.

"Na sasa," mshereheshaji akapaza sauti, "tumsikilize mama mwenyewe wa picha!" Nikapanda jukwaani. Nikawaambia. Niliwaambia kwamba ile picha si upendo, ni siku niliyoharibu kitu pekee alichobaki nacho nyanya wa watu kwa sababu niliona haya mbele ya wageni. Niliwaambia kazi ya nyumba ile haikuwa kuosha, ilikuwa kuuliza, na aliyeijua kazi hiyo ni Mama Mutua, na picha yake haipo hapa hata ya kidole. Niliwaambia kama wanataka kuheshimu ile nyumba, wawaache watu watatu wa kule nyuma wale kabla kuku hajapoa. Kisha mshereheshaji akapangusa jicho. "Unyenyekevu wa namna gani huu, ndugu zangu! Makofi!" Wakapiga makofi. Walisimama wakapiga makofi, na mtu wa kamera akaja karibu akaniashiria kwa kidole nitabasamu. Nilimwangalia hadi akaishusha kamera. Nikabandua lile ua kifuani, nikaliweka kwenye keki, nikatoka. Nilipopita nyuma, yule mama wa fulana alikuwa ameanza kula bila kungoja mtu, naye akaniinulia paja la kuku kwa salamu.

Nilienda Noonkopir kwa mguu, na kitenge changu. Nyumba sasa ni ya mawe, lango ni la chuma, lakini jikoni bado kunanuka githeri. Kwenye kibaraza alikuwa ameketi mzee mmoja aliyefika siku hiyohiyo, hata jina hajaandikwa, na kando yake kwenye benchi gunia limefungwa kwa waya. Gunia lilikuwa linanuka. Sijui lilikuwa na nini, lakini pua yangu ya ujana iliamka yote mara moja. Hakukuwa na mahali pengine pa kuketi, na miguu ilikuwa inaniuma, basi nikanyoosha mkono nilisogeze.

"Mama!" msichana akaniita kutoka mlangoni. Alikuwa wa miaka ishirini hivi, glavu mkononi, na hanijui hata kidogo. "Pole, lakini hapa hatuguzi kitu ya mtu kabla hajaulizwa."

"Hata kikinuka?"

"Hata ikinuka."

"Nani alikuambia?"

Akainua mabega. "Hakuna. Ndivyo nilikuta."

Nikamgeukia yule mzee. "Mzee wangu, nisogeze gunia lako kidogo, nikae?"

Akaniangalia, kitenge na viatu na vyote. Akaweka mkono juu ya gunia. "Hapana," akasema.

Nikaketi chini kwenye saruji, karibu na miguu yake, na harufu ikanifikia vizuri. Sikupumua kwa mdomo.